Mwenye Chombo na Kufungwa kwa Bahari

Wengi wetu tukaao bara twaijua bahari kwa kuiona toka mbali, nasi twadhani ya kuwa haina majira. Shamba lina masika na kiangazi, lina siku za kulima na siku za kuvuna. Lakini maji ya chumvi yako pale pale, leo kama jana, na mtu atakaye kusafiri na asafiri. Mimi nami nilidhani hivyo, hata nilipopelekwa kufundisha katika kijiji cha pwani, upande wa kusini wa Tanga. Mwezi wa Mei ulipofika katikati, niliona vyombo vikivutwa nchi kavu kimoja kimoja, matanga yakikunjwa, na wanaume wakiketi chini ya mikungu wakisokota kamba. Nikamwuliza mzee mmoja, jirani yangu, kama kuna msiba. Akacheka, akaniambia, "Hapana msiba, Mwalimu. Bahari imefungwa."

Neno lile lilinipeleka moja kwa moja hata sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, ambayo nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuitambua. Twakumbuka jinsi Paulo alivyopelekwa Rumi, mfungwa mkononi mwa akida Yulio, katika merikebu ya Iskanderia iliyochukua ngano. Walipofika Bandari Nzuri, katika kisiwa cha Krete, siku ya kufunga ya Wayahudi ilikuwa imekwisha kupita, nayo huangukia mwezi wa Septemba au Oktoba. Luka haitaji siku ile kwa ajili ya ibada, bali kwa ajili ya pepo: ataka tujue ya kuwa wakati wa kusafiri ulikuwa umekwisha. Paulo akawaonya. Lakini akida akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko alivyomsikiliza Paulo, na walio wengi wakatoa shauri kwamba bandari ile haifai kukaa wakati wa baridi, afadhali wajaribu kufika Foinike. Haikuwa safari ndefu. Upepo mwanana wa kusini ukavuma, wakang'oa nanga wakifurahi. Na mara ukashuka upepo wa Eurakilo. Baada ya siku 14 merikebu ikavunjika katika kisiwa cha Melita, na watu wote 276 wakaokoka, lakini ngano ikapotea na chombo kikapotea.

Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya sura hii humlaumu mwenye merikebu kwa ukaidi wake. Mimi, tangu nilipokaa katika kijiji kile, siwezi tena kumlaumu upesi. Warumi walijua vema majira ya bahari yao. Mwandishi wao mmoja, Vegetius, ameandika ya kuwa bahari ilifungwa tangu siku ya 11 ya Novemba hata siku ya 10 ya Machi, na ya kuwa katika majuma yaliyotangulia kufungwa, safari zilikuwa za mashaka. Basi kama walijua, mbona wenye merikebu walisafiri? Jibu moja twalipata katika habari za Kaisari Klaudio, yule yule ambaye siku zake ilitokea njaa iliyotajwa katika sura ya 11 ya Matendo. Chakula kilipopungua Rumi, Kaisari huyo aliwaahidi wafanya biashara ya kuwa, chombo kikiharibiwa na tufani wakati wa baridi, hasara itakuwa juu yake mwenyewe. Hangelihitaji kutoa ahadi hiyo kama wenye vyombo wangalikuwa wapumbavu wasiojua hatari. Waliijua, walakini waliijua na hatari nyingine, ile ya kukaa bandarini miezi minne pamoja na mabaharia walao kila siku, na ngano isiyouzwa, na chombo kinachopigwa na mawimbi mahali pabaya. Chombo kilichofungwa hakileti kitu, bali hula. Huo ndio mzigo wa mwenye chombo, nao humwangukia zaidi wakati ule ule ambapo bahari humkataza kusafiri.

Sasa turudi kwetu. Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, hushusha vyombo toka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza mwezi wa Aprili na kuvirudisha. Katikati ya hizo mbili kuna siku za tanga mbili, ambapo upepo hugeuka geuka na mtu aweza kwenda huku na huku. Lakini kusi si moja tangu mwanzo hata mwisho. Mwanzo wake ni upepo wa safari. Tangu katikati ya Mei, na hasa Juni na Julai, huwa kusi kuu, upepo mkali utokao kusini-mashariki, nao huisukuma bahari yote juu ya miamba yetu. Chombo chenye tanga kikikatikiwa na kamba au kikivunjika mlingoti siku hizo, upepo haukichukui nje kwenye maji mengi, bali hukileta moja kwa moja mwambani. Ndiyo sababu wazee walifunga bahari. Karibu na mwisho wa Agosti upepo hupoa, majira ya demani huingia, na bahari hufunguliwa.

Wageni nao walijifunza habari hizo kwa gharama. Vasco da Gama aliondoka Malindi siku ya 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, na mwanzo wa kusi ukamfikisha Calicut, katika Bara Hindi, karibu na siku ya 20 Mei: siku 26 tu. Alipotaka kurudi hakungoja kaskazi. Alitweka tanga mwanzoni mwa Oktoba mwaka ule ule, na safari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wake wakafa kwa wingi kwa ugonjwa wa fizi utokao na kukosa mboga na matunda, hata walipofika pwani yetu mwezi wa Januari 1499 hawakutosha kuongoza merikebu tatu, ikawapasa kuichoma moto moja yao, São Rafael. Bahari ni ile ile, na merikebu ni zile zile; mwezi tu ndio uliokuwa mwingine.

Labda msomaji atauliza, watu wasio na kalenda ya ukutani walijuaje siku ya kufunga na siku ya kufungua? Mwezi wa mbalamwezi haufai kwa kazi hii, kwa maana mwaka wake una siku 354 au 355, nao hutangulia mbele ya majira. Kwa hiyo manahodha walishika hesabu nyingine, iliyoletwa zamani toka Uajemi, yenye siku 365, ikianza siku ya nairuzi, ambayo Waswahili huiita Siku ya Mwaka. Tangu siku ile walihesabu kwa miongo, yaani siku kumi kumi, miongo 36, na siku tano za ziada. Nahodha alijua mwongo wa kuondoka na mwongo wa kutia nanga. Mambo mengine yafanywayo siku hiyo, kama yale ya Makunduchi huko Unguja, si ya imani yetu, wala siyasifu. Lakini hesabu yenyewe ni hesabu ya watu wenye akili. Ina kasoro moja tu: haina mwaka mrefu wenye siku ya 366. Kwa hiyo kila miaka minne Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku moja, na katika miaka 40 hurudi nyuma mwongo mzima. Siku za Askofu Steere, miaka ya 1870, ilianguka mwezi wa Agosti, karibu na wakati ambapo kusi kuu hulegea. Sasa huanguka mwezi wa Julai, na upepo ungali mkali. Nahodha aliyerithi hesabu ya babu yake bila kuisahihisha angefungua bahari mapema kuliko ipasavyo.

Basi, bahari ikiisha kufungwa, kazi ya mwenye chombo ndiyo kwanza yaanza. Hungoja bamvua, maji yajapo juu kabisa, ndipo chombo huletwa ufukoni na kuvutwa juu ya magogo hata kipite alama ya maji. Mtu mmoja hawezi, wala watu kumi hawawezi kama chombo ni mashua. Kijiji chote huitwa, na mwenye chombo huwapikia wali. Mchuzi wake hukumbukwa mwaka mzima, kwa kusifiwa au kwa kuchekwa. Kisha chombo huinamishwa ubavu, chaza walioshikamana chini hukwanguliwa, na makuti makavu huwashwa moto chini yake, ili kuwaua wadudu wa baharini watoboao mbao. Fundi hupita akigonga kila ubao kwa nyundo, akisikiliza. Ubao ulioliwa ndani hutoa sauti nyingine, na sauti ile ni sauti ya fedha inayotoka. Nafasi za katikati ya mbao hutiwa pamba yenye mafuta, ndiko kukalafati. Mwisho sehemu ya chini hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake mwalimu mgeni haizoei upesi. Tanga hushonwa viraka, au hushonwa jipya.

Hapa yafaa nieleze jambo moja lililobadili hali ya wenye vyombo vidogo, ingawa halisemwi sana. Vyombo vya kwanza vya pwani hii havikuwa na misumari. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kiitwacho Periplus, chataja vyombo vidogo vilivyoshonwa kwa kamba, pamoja na mitumbwi, katika sehemu hizi zetu. Wa mwisho wa ukoo huo ulikuwa mtepe wa visiwa vya Lamu: mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa miaa. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ule ulioundwa Unguja mwaka 2003 uliundwa kwa kuonyeshwa tu. Mtepe ulivuja sana, nao ulitaka kutengenezwa mara kwa mara. Lakini fikirini vitu vilivyotakikana: makumbi ya nazi, miaa, na mikono ya watu wa nyumbani. Mwenye chombo cha misumari hutaka chuma, na pamba, na nguo ya marekani ya tanga, navyo vyote viko dukani, na dukani hutakiwa fedha. Chombo kilikuwa bora, hilo silikani; ila naona ya kuwa pamoja na msumari liliingia deni. Na deni la mwenye chombo halikuingia wakati wa kaskazi alipokuwa na fedha, bali wakati wa kusi, alipokuwa hana.

Tuseme sasa juu ya mapato. Desturi hazikuwa moja kila bandari, lakini shina lake lilikuwa moja: mabaharia hawakuwa watu wa mshahara, walikuwa watu wa mafungu. Nauli ikiisha kupokewa, kwanza hutolewa gharama ya chakula cha safari. Kinachobaki hugawanywa, fungu la chombo na fungu la watu, na katika fungu la watu nahodha huzidishiwa. Fungu la chombo ni la mwenyewe, na kwa fungu hilo hununua misumari na kamba na kila kitu. Safari ikikosa mapato, baharia hurudi mikono mitupu. Lakini mwenye chombo hurudi na chombo kilichochakaa safari moja zaidi. Na bahari ikifungwa, baharia aweza kwenda shambani kwa mkewe kulima muhogo. Mwenye chombo naye ana muhogo wake, lakini ana mgeni ufukoni anayetaka kulishwa pamba na mafuta.

Serikali nazo zilipokuja ziliuliza swali hili hili, nani mwenye chombo, ila kwa sababu nyingine. Biashara ya watumwa ilipokwisha kukatazwa kwa mkataba wa Sultani Barghash wa mwaka 1873, watumwa waliendelea kuvushwa kwa siri katika vyombo vidogo, hasa kwenda Pemba, na baadhi ya vyombo hivyo vilitweka bendera ya Kifaransa ili visipekuliwe na manowari za Kiingereza. Siku ya 3 Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipokisogelea chombo cha namna hiyo. Mataifa yakakutana Brussels, na katika mkataba wa mwaka 1890 wakaweka sheria za vyombo vya wenyeji katika bahari hii yote. Mwenye kuomba ruhusa ya kutweka bendera ilimpasa awe raia wa dola ile au mtu aliye chini ya ulinzi wake. Ilimpasa aonyeshe ya kuwa ana mali isiyohamishika katika wilaya, au alete mdhamini wa kutosha. Na yeye na nahodha wake wawe watu wa sifa njema, wasiopata kuhukumiwa kwa kuuza watumwa. Na ruhusa hiyo ilifanywa upya kila mwaka.

Sisi tulio wana wa Kanisa, ambalo watu wake wengi wa kwanza huku pwani walitolewa katika vyombo hivyo, hatuwezi kuilalamikia sheria ile. Ilikuwa sheria ya haki. Walakini mwalimu wa historia hutazama pande zote mbili. Mtu mwenye mashua moja na bila shamba lenye hati ilimpasa kumtafuta mdhamini, naye mdhamini si mtu apatikanaye bure. Mara nyingi mtu wa kutosha kumdhamini maskini ni yule yule mwenye duka auzaye misumari na nguo ya tanga.

Yule mzee jirani yangu aliposikia ya kuwa naandika habari hizi, alinisimulia mambo ya nyumba yao, nami nayaandika kwa ruhusa yake, bila majina. Baba yake alifariki mwaka 1957, akaacha mjane, wana wawili, na binti mmoja. Mali yake kubwa ilikuwa mashua iliyochukua nazi na kuni toka Pangani kwenda Unguja. Wao ni Waislamu, na sheria yao ya urithi ni wazi. Mjane hupata sehemu moja ya nane, na iliyobaki hugawanywa hata kila mtoto mwanamume apate mara mbili ya binti. Mkiifanya hesabu hiyo ubaoni, mtaona ya kuwa mashua hugawanyika sehemu 40: mama 5, kila mwana 14, binti 7. Niliwapa wanafunzi wangu hesabu hii, nao waliipata sawasawa. Kisha msichana mmoja akauliza ni sehemu gani ya mashua iliyo ya mama, omo au tezi, na darasa likacheka. Lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu ya wote. Shamba la minazi laweza kuhesabiwa mti kwa mti. Mashua haikatwi.

Kaskazi ya kwanza hapakuwa na neno. Kaka mkubwa alikuwa nahodha, na fungu la chombo liligawanywa sehemu 40 kwa uaminifu. Kusi ilipoingia, fundi akagonga, akakuta mbao tatu zimeliwa, na tanga halifai tena. Hapo kila mwenye sehemu alitakiwa atoe fedha kwa kadiri ya sehemu zake. Mama hakuwa nazo. Dada alikuwa ameolewa, na mumewe akasema sehemu zake 7 zinunuliwe, yeye si mtu wa bahari. Ndugu wawili wakakopa kwa mwenye duka wamlipe dada, wakakopa tena kwa ajili ya mbao na tanga, wakaiweka mashua rehani. "Hatukuona vibaya," mzee aliniambia. "Kila mtu alifanya hivyo. Tulisema, kaskazi italipa."

Kaskazi ililipa nusu. Hata mwezi wa Mei wa mwaka uliofuata deni lilikuwa lingaliko, na kusi nyingine inakuja na gharama zake. Siku zile wenzao walikuwa wanavuta vyombo vyao juu. Nazi zilikuwa tayari Pangani, na bei ya Unguja ilikuwa nzuri, kwa kuwa vyombo vingine vimekwisha kufungwa. Mama yao, mwenye sehemu 5, aliwakataza. Kaka akamjibu kwa heshima, "Mama, ni safari moja tu, si zaidi." Upepo asubuhi ile ulikuwa mwanana. Niliposikia neno hilo nilikumbuka ule upepo mwanana wa kusini wa Krete, nikamsomea mzee sura ile toka mwanzo hata mwisho. Akasikiliza kwa makini sana, kisha akasema, "Huyo mwenye merikebu naye alikuwa na deni." Maandiko hayasemi hivyo, lakini sikumbishia.

Kupita nusu ya njia upepo ulizidi. Wakapunguza tanga, wakatosa kuni, kisha wakatosa nazi, zile zote walizokopea. Mlingoti ukavunjika. Hakufa mtu. Mashua ililetwa na mawimbi hata ikaketi mchangani katikati ya miamba miwili, usiku, mahali ambapo mzee asema hata mchana asingeweza kuipitisha kwa makusudi. Waliivuta nyumbani kwa majuma mawili, mtu akishika kamba pwani na mwingine akisukuma kwa upondo. Lakini mwenye mzigo alitaka nazi zake, na mwenye duka alitaka fedha yake. Demani ilipoingia mashua ilishushwa majini, ina mlingoti mpya na mbao mpya, na kaka akashika usukani ule ule alioushika baba yake. Safari ya kwanza ilipokwisha, mafungu yakagawanywa kama desturi. Fungu la chombo likaenda dukani. Kaka aliongoza mashua ile miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote, asema mzee, haikusafiri hata siku moja baada ya siku ya 10 Mei, kwa maana mwenyewe mpya hakuwa na haja.

Wengine husema mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa mashine hazingoji upepo. Ni kweli ya kuwa meli za moshi zilileta barua Unguja tangu mwaka 1872 bila kuuliza miongo, na zilichukua mizigo mikubwa iliyokuwa ya majahazi. Vyombo vidogo vilibaki kwa sababu vyaingia katika mito na vihori ambamo meli haziwezi kuingia. Baadaye mashine ndogo za petroli zikafungwa hata nyuma ya ngalawa na mashua, na mtu akaweza kutoka mwezi wa Juni mahali ambapo babu yake angeketi akisokota kamba. Lakini kusi haikuondoka. Siku ya 18 Julai 2012, katikati ya kusi kuu, meli ya abiria Skagit, iliyokuwa ikienda Unguja toka Dar es Salaam, ilipinduka karibu na Chumbe kwa upepo na mawimbi, na watu wengi wakapotea. Siku hizi idara ya hali ya hewa hutoa maonyo katika redio, nayo ni kazi njema. Yule mzee huyasikiliza kila jioni, kisha hutoka nje kutazama mawingu, na ikiwa hawakupatana, huyaamini mawingu.

Mwaka huu mjukuu wake alipata boti ya faiba yenye mashine, kwa mkopo. Ni chombo kizuri, chepesi, wala hakiliwi na wadudu. Aliileta ufukoni mwezi wa Machi, na sote tulikwenda kuitazama. Mzee aliizunguka mara mbili, akaigonga kwa vidole kama fundi, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, hao waliokukopesha umewaambia kwamba bahari hufungwa?"

Kijana akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaitazama tena. "Babu," akasema, "humu imeandikwa miezi kumi na miwili."